Kioo cha Kushoto

Mimi na shemeji yangu damu zetu haziendani, na sijawahi kulificha hilo. Amemuoa dada yangu, sawa, lakini mdomo wake hauna breki. Anaendesha basi la shule, lile lile analopanda binti yangu kila asubuhi, na mtaani wanamwita Gia Tano. Akirudi kazini anajifungia chumbani kuendesha malori ya kwenye kompyuta. Yaani mtu ashinde kwenye usukani, halafu apumzike kwa usukani! Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu, na siku hiyo aliniita kwa simu ya matusi.

"Ule uchafu ulioniuzia umekufa. Njoo uutazame, la sivyo nakuja kukutupia huko huko kibandani."

Uchafu wenyewe ni kifaa cha kufuata kichwa. Kina vitaa vidogo vinavyobanwa kwenye hedifoni, na kamera iliyo juu ya skrini inavisoma. Ukigeuza kichwa kidogo tu, dereva wa kwenye mchezo naye anageuka, unaona pembeni bila kugusa kitu. Kwa Gia Tano, alidai, picha inakimbilia kushoto yenyewe, lori linatoka barabarani, na wenzake wa mtandaoni wanamcheka.

"Shikamoo shemeji," nilisema mlangoni.

"Marahaba ya nini? Tengeneza."

Nikavuta pazia, maana jua likiingia kamera inadhani ni vile vitaa. Nikaufunika kwa shuka mlango wa kabati wenye kioo, kwa sababu hiyo hiyo. Nikahamishia waya kwenye tundu jingine. Kila nilichogusa alikuwa na neno.

"Unabahatisha wewe. Ulisomea ufundi au ulisomea kufungua skrubu?"

Nikameza. Nikakaa kitini kwake, nikavaa hedifoni, nikaendesha lori mpaka mji wa pili. Picha ilitulia tuli.

"Kifaa ni kizima," nikamwambia.

"Kizima kwako!" Akanipokonya hedifoni, akakaa. Hata hajafika kona ya kwanza, picha hiyo, kushoto.

Nikaacha kutazama skrini, nikamtazama yeye. Pua yake ilikuwa imeelekea kabatini, upande wa kushoto.

"Shemeji, tazama mbele."

"Kwani natazama nyuma?"

Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nikakinyoosha. Picha nayo ikanyooka.

"Niachie bwana! Ukinishika hivyo upande ule sioni kitu."

Wakati huo dada alikuwa ameshaingia na chai, ameiweka mezani kushoto kwa mumewe, na bado amesimama hapo hapo.

"Na chai nayo imeshindikana leo?" Gia Tano akafoka kuelekea jikoni.

"Nimeshaiweka," dada akasema.

Gia Tano alishtuka, kiwiko kikagonga kikombe, chai ikamwagika meza nzima. "Unaweka vitu ovyo ovyo!"

"Kila siku ni hivi," dada aliniambia kwa uchovu. "Anagonga vitu. Nampungia mkono barabarani ananipita. Nimelia mpaka nimechoka, nikijua ni dharau."

Hapo nikaelewa. Sikuomba ruhusa. Nikamziba jicho la kulia kwa kiganja, nikainua bisibisi mbele ya uso wake.

"Nimeshika nini?"

Akageuza kichwa huku na huku.

"Kifaa hakina ubovu," nikasema. "Kinafuata kichwa chako kama kinavyotakiwa. Ni wewe unayegeuka ili jicho lako zima, hili la kulia, lifike kushoto. Tangu lini?"

"Ni ukungu tu. Unakuja, unaondoka."

"Mlango wa basi uko upande gani?"

Akageukia skrini. Uko kushoto. Watoto wanashukia kushoto, na kabla ya kuondoa basi anatakiwa atazame kioo cha kushoto, na binti yangu ana tabia ya kuinama pale pale mlangoni kufunga kamba za viatu. Nilitamani kumzaba kofi, mtu mzima yule.

"Wewe utaua mtoto," nilimwambia. "Na unajua. Unajua na unakwenda."

"Fungua mdomo uone! Wakinifukuza, dadako atakula nini? Atatafuna hizo kompyuta zako?" Alisimama. Alikuwa anaogopa, na wala sikumwonea huruma. "Kesho naendesha. Mpende msipende."

Alipeleka mkono mezani, pale alipokuwa ameweka funguo za basi. Akapapasa. Akapapasa tena, kwenye chai iliyomwagika.

"Funguo zangu ziko wapi?"

Dada alikuwa bado amesimama kushoto kwake, bega karibu liguse bega. Alikuwa amezishika kiganjani, kiganja wazi, usawa wa uso wa mumewe, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Nimeuliza," alisema Gia Tano, akinikazia mimi lile jicho lake moja, "funguo zangu ziko wapi?"