Masaa Manne Kutoka Dubai

Nimefanya biashara ya miraa hapa Kangeta tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na kazi hiyo ilinifunza kwamba umbali ni upuzi. Miraa inachumwa asubuhi, tunaifunga kwa majani ya migomba, pikapu inashuka mbio hadi uwanja wa ndege Nairobi, na siku hiyohiyo mtu anaitafuna Mogadishu ingali mbichi. Ikichelewa inanyauka, kwa hivyo haichelewi. Dunia nzima niliipima hivyo.

Basi binti yetu alipougua huko Beirut, alikokuwa mfanyakazi wa nyumbani, sikushtuka sana. Alipiga simu sauti ikiwa imeisha kabisa. Tajiri wake alidhani anajisingizia, na hakukuwa na wa kumpa hata maji. "Baba, nitumieni mtu," akasema. Mtu nilikuwa naye: kaka yake, mlinzi wa duka kubwa Dubai. Mama yao akaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamjibu kwamba hii yetu iko karibu.

Nikampigia kijana. "Kutoka hapo hadi kwa dada yako ni mbali?"

"Ndege ni kama masaa manne, Baba. Kilomita elfu mbili na kitu. Lakini..."

"Masaa manne! Mimi kufika Nairobi na mzigo, barabara ikiharibika, napitisha hayo. Lakini ya nini?"

"Pasipoti yangu iko kwa bosi. Hajakubali kunipa. Na hata nikiipata, Beirut siingii bila viza."

Lo! Nilimrukia. Nilimwambia miraa haina miguu wala akili na inavuka mpaka kila siku, sembuse yeye, dume zima. Nilimwambia damu ni nzito kuliko maji. Nikamsikia akilia, mtu aliyetahiriwa bila kupepesa jicho. "Naziona hizo ndege zikipita juu yangu, Baba," akasema. "Kila siku naziona."

Tulihangaika. Ofisi ya wakala aliyempeleka binti yetu, pale Meru mjini, tuliikuta na kufuli. Kanisani waliomba mpaka wakakauka koo. Kila nilipompigia kijana, bosi alikuwa bado anafikiria. Halafu simu ya binti ikawa haipatikani, na mwishowe Mkenya mwenzake wa huko Beirut akatupigia. Sikumwacha amalize. Sauti ya mama yao nilipomwambia bado ninayo masikioni, na sitaki kuieleza.

Mwili ulipita Dubai kabla ya kuja kwetu. Ndege haikuwa na njia nyingine. Yale masaa manne yaliyotushinda sisi sote, binti yangu aliyamaliza peke yake, ndani ya sanduku. Kaka yake alienda kusimama nje ya ua wa mizigo mpaka askari wakamfukuza. Hakujua hata dada yake yuko ndani ya ndege gani.

Nairobi walinielekeza nikampokee upande wa mizigo, kwenye mlango uleule wa miraa yangu. Mpakiaji mmoja anayenijua miaka mingi akaniona nimesimama mikono mitupu.

"Mzee, leo hujaleta kitu?"

"Leo nimekuja kuchukua," nikamwambia.