Nilisali, Wakanipigia Makofi

Uvumilivu uliniisha pale mama mmoja mwenye miwani alipoinua mkono mbele ya sinagogi zima akauliza, "Na densi je, hatupati?" Aibu ya yaliyofuata naisimulia mwenyewe, maana najua huku Saint Paul, Marekani, inasimuliwa tayari, na wanaisimulia vibaya.

Mnajua sisi ni Wayahudi wa milimani Kenya, wachache kiasi cha kuenea sebule moja (na tulienea, sebule ya babu ndiyo ilikuwa sinagogi). Zaburi ya kukaribisha Sabato tunaimba polepole, Kiebrania kisha Kiswahili, kwa sauti yetu wenyewe, na mama yangu aliiimba hivyo mpaka akafariki. Sina kingine cha kumrithisha Tirza wangu wa miaka sita.

Sasa sinagogi letu la hapa likaandaa Sabato ya nyimbo za Wayahudi wa kila upande wa dunia. Nikafurahi kama mjinga. Mzee Shalom, ambaye wazazi wake walitoka Yemeni, akapewa nafasi ndani ya sala. Familia ya kutoka India, ndani ya sala. Mimi nikapigiwa simu na mwimbishaji, yule anayeongoza nyimbo za sala, nikiwa kazini Fridley, mji wa jirani, namtandikia mgonjwa shuka: "Wewe utafunga shughuli, dada, baada ya sala, watu wakingoja chakula. Na uje na nguo ya kwenu!" Nikasema sawa. Hiyo sawa ndiyo iliyonimaliza.

Nikaimba. Nilifumba macho, Tirza kando yangu anaitikia kama nilivyomfundisha, na nilipofika mwisho nikawa nangoja Amina. Wakapiga makofi. Makofi, jameni! Mmoja akapiga na mluzi. Mzee Shalom alipata Amina nzito ya watu wote, mimi nikapata mluzi, halafu huyo wa miwani na densi yake.

"Nilikuwa nasali!" nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida (walinisikia hadi jikoni). Nikamshika mtoto mkono, nikageuka kwa hasira, na kile kitenge nilichojizungushia kama hema kikanasa kwenye toroli la vitabu vya sala, nikavuta, likapinduka. Vyote chini. Na kwetu Wayahudi kitabu cha sala kikianguka hukiruki, unakiokota na kukibusu. Basi sinagogi zima likapiga magoti, wazee na viuno vyao vibovu, rabi, mwimbishaji, wote wanabusu vitabu, mlango umezibwa na migongo, na mimi niliyetaka kutoka kwa kishindo ikanibidi nipige magoti pia, nabusu, nalia, kamasi zinanitoka, nabusu tena.

Mzee Shalom akanisogelea kwa magoti. "Binti, ungegomba siku ile ya simu. Sasa umetugombeza sisi na magoti yetu."

Nikaokota kitabu kilichofuata, nikakibusu.

Kwenye gari Tirza akaniambia, kwa Kiingereza chake, "Mama, usiimbe tena pale, tafadhali. Watoto walicheka." Ijumaa iliyofuata, nyumbani kwetu, mezani kwetu, nilipoanza zaburi akaziba masikio. Nikaimba peke yangu mpaka katikati, nikaacha. Nimeapa kwamba sitaimba tena mahali ambapo watu wanangoja chakula, lakini kiapo hakimzibui mtoto masikio.

Jumatatu nikaandika, nikapeleka kwa mkono:

"Kwa Kamati ya Ibada. Mimi, mama yake Tirza, nalalamika rasmi. Wengine mliwaweka ndani ya sala, mimi mkaniweka kwenye burudani. Nilisali, mkanipigia makofi. Vitabu niliangusha mimi, kwa hilo niwieni radhi. Ninachodai ni zaburi yetu iimbwe ndani ya sala, Ijumaa ya kawaida, bila kutangazwa natoka nchi gani na bila kitenge, na ikiisha museme Amina. Kama haiwezekani, niandikieni hivyo wazi, ili nijue cha kumwambia mtoto wangu."