Kumfuata Mdogo Wangu Shamba la Machungwa

Kesho yake lori lingekuja kutuhamishia kijiji kipya cha ujamaa, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado kwa shangazi. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Huyu mdogo kabisa shangazi alimchukua, akasema ni kwa muda tu. Niliogopa kwamba tukihama bila yeye atakuwa mtoto wa huko moja kwa moja.

Shangazi aliishi ndani ya shamba la machungwa kando ya ziwa, ukishapita kijiji cha Makoko. Mumewe alikuwa mlinzi. Zamani shamba lilikuwa la mzungu, sasa lilikuwa la serikali. Nilifika mchana. Michungwa ilishuka kwa mistari mpaka kwenye mawe makubwa ya ufukweni. Tumbili walimenya machungwa juu ya miti kama walioajiriwa, na kenge mnene alivuka njia bila kunijali. Ndege weupe walijaa miambani. Siku nyingine ningesimama nitazame. Siku hiyo nilitazama jua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa upate chakula kwanza."

Kwetu mgeni hasemi lililomleta kabla hajala. Nikakaa. Shangazi akapepeta mtama, akausaga taratibu juu ya jiwe. Akaenda ziwani kutafuta samaki, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mdogo wangu aliegemea goti langu akinitajia ndege. Nilimwitikia bila kumsikia. Vivuli vya michungwa vilikuwa vimefika mlangoni ndipo moto ukawashwa.

"Shangazi, nitachelewa."

"Haraka ya wapi? Utalala. Viboko wanapandaga hapa jua likizama, huwezi kupita."

Hapo nikaelewa kwamba chakula kile hakingeiva siku hiyo.

"Shangazi, nimemfuata mtoto. Kesho tunahama."

Mwiko ukasimama chunguni. "Unanipa maneno kabla ya ugali? Ndiyo mnayofundishwa huko kwenye ujamaa wenu?"

"Hapana, shangazi. Ila nikingoja ugali wako, lori litatuacha."

Alitaka kucheka, akajizuia. Mdogo wangu alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na gauni lake limefungwa kwenye kanga. Shangazi alimtazama, akageukia moto. "Nendeni, basi."

Tukapanda katikati ya michungwa, giza likiingia. Upande wa ziwa nilisikia pumzi nzito, kisha majani yakikwanyuliwa, karibu kuliko nilivyotaka. Nilimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa. Nikazidisha hatua.

Ghafla nyuma yetu debe likaanza kugongwa. Nikageuka. Shangazi alitufuata kwa mbali, akiligonga kwa nguvu kuwatisha viboko. Alifanya hivyo mpaka tulipofika barabarani.

"Asante, shangazi," nikasema gizani.

"Mfunike kifua," akajibu. "Kuna baridi."

Kisha akageuka, akarudi peke yake akiligonga.