Sinia Namba Nne

Jumapili tarehe 9 Juni 2019, kwenye karatasi ya kuandikia joto la chakula katika ukumbi wa hoteli, mstari wa saa sita na nusu mchana, mbele ya maneno "nyama ya mchuzi, sinia namba nne", imeandikwa 66 kwa kalamu ya bluu, na pembeni kuna saini yake. Saini ni yake kweli. Hiyo 66 hakuipima.

Wenzake wanamwita Mama Kipimo. Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kutembea na kipimajoto chenye sindano ndefu, kuichoma kwenye kila sinia la bufee, kusoma namba na kuiandika. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi sitini. Kikishuka na kukaa hivyo zaidi ya saa mbili kinatupwa, hata kinukie vipi. Kazi yake nyingine ni kuchota vijiko viwili vya kila chakula kinapotoka jikoni, kuvitia kwenye kichupa, kukibandika tarehe na kukihifadhi kwenye friji siku tatu. Mgeni akiugua, kichupa kinapelekwa maabara. Tangu aanze kazi hakuna kichupa kilichowahi kwenda huko, na wahudumu wakimwona anapita na sindano yake husema, "Mpisheni nesi, anaenda kumchoma kuku."

Yeye mwenyewe hajawahi kula bufee. Mchana hula ugali na maharage aliyokuja nayo kutoka nyumbani, amesimama karibu na sinki.

Mume wake, fundi cherehani, alikuwa ameweka nia tangu Januari kwamba mama yake akitimiza miaka sabini na miwili atampeleka "kule kwenu, kwenye kula mpaka uchoke". Kiingilio cha mtu mmoja kilikuwa sawa na ujira wa kushona suruali nne. Mama Kipimo alibishana naye wiki tatu.

"Hela yote hiyo, si tununue kuku wawili tupike hapa hapa?"

"Kuku wawili wanaisha. Kule hakiishi."

"Na tumbo la mama je, nalo haliishi? Sahani moja ya wali inamshinda."

"Wali wako huo, mke wangu. Usiwasingizie wapishi wengine." Fundi alicheka peke yake. "Nimepiga hesabu. Sahani ya kwanza unalipa, ya pili unalipa, ya tatu ndiyo inarudisha hela. Ya nne ni faida."

Mama Kipimo alimweleza yote anayoyajua mtu wa jikoni. Supu na mikate vimewekwa mwanzo wa foleni makusudi. Sahani ni ndogo makusudi. Juisi imetiwa sukari nyingi makusudi. Wageni wengi hawafiki sahani ya tatu, na hoteli inalijua hilo kuliko mgeni mwenyewe. Sababu ya mwisho, iliyokuwa kubwa kuliko zote, hakuitaja. Chakula cha nyumbani kinaiva kinaliwa. Chakula cha bufee kinaiva kinakaa kikikusubiri, na chakula kinachosubiri yeye anakiogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mwaka wake wa pili kazini, kwenye ukumbi mmoja wa harusi, wageni thelathini waliugua kwa kula pilau iliyosubiri, na mzee mmoja hakutoka hospitali akiwa hai. Yeye na wenzake wa darasa la mafunzo walioneshwa karatasi ya joto ya siku ile. Namba zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa za uongo.

Ubishi ulimalizwa na mama mkwe. Bibi huyo aliuza maharage sokoni miaka thelathini, kwa kopo, na hakuna mteja aliyewahi kumpunja wala yeye kumpunja mteja. "Mwanangu amelipa," alisema. "Supu ni maji, maji ninayo. Mkate sijakosa. Mimi nitakwenda moja kwa moja kwenye nyama, na nitakula mpaka wanijue."

Basi Jumapili ile walikwenda wawili, fundi na mama yake, bila hata kikombe cha chai asubuhi. Wifi, dada yake fundi, alibaki nyumbani. Alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imemvimba kama maandazi, na kiingilio cha tatu hakikuwepo.

Saa tano Mama Kipimo alijaza vichupa vyake na kuchukua joto la kwanza. Nyama ya mchuzi ilisoma 78. Chini ya kila sinia kuna maji, na chini ya maji kuna kopo la mafuta mazito yanayowaka polepole. Moto wake ni wa bluu, na kwenye mwanga wa mchana hauonekani, kwa hiyo njia pekee ya kujua unawaka ni kupitisha kiganja. Mhudumu wa zamu alibadilisha kopo la sinia namba nne, akawasha kiberiti, akaondoka akiamini amewasha.

Saa sita na nusu ulikuwa wakati wa kipimo cha pili. Alipima sinia la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alimkuta mama mkwe amesimama, sahani mkononi, kijiko kikubwa kimezama kwenye mchuzi kikitafuta minofu.

"Mkwe wangu! Njoo unioneshe, hii yenye mafuta ni ya mbavu?"

"Ya mbavu, mama."

"Na hilo lisindano unataka kulifanyia nini? Usinichomee nyama yangu mbele za watu."

Watu watatu kwenye foleni walicheka. Mama Kipimo naye alicheka. Alirudisha sindano mfukoni kwa aibu ya mkwe mbele ya mama mkwe, akatazama mvuke uliokuwa ukipanda, mvuke ambao kumbe ulitoka sinia la tano, akaandika 66 kwa sababu sinia la nne husoma 66 kila Jumapili. Akaenda kupima la tano.

Saa nane alirudi. Alichoma sindano juu ya nyama, ikasoma 63. Jikoni walikuwa wameongeza nyama mpya juu ya ile ya zamani, maana mpishi mkuu hapendi mgeni aone chini ya sinia. Alisukuma sindano mpaka ikagusa chuma. Namba zikaanza kushuka. Hamsini na tano. Arobaini na nane. Zilisimama kwenye 41.

Alipitisha kiganja chini ya sinia. Pakavu, baridi.

Nyuzi arobaini na moja ni joto la mtoto mwenye homa ya kukimbizwa hospitali. Vijidudu havihitaji joto jingine zaidi ya hilo. Aliinua macho. Kwenye meza ya dirishani mama mkwe alikuwa akifuta sahani yake ya tatu kwa kipande cha nyama, na fundi alikuwa amemwinulia vidole vitatu mke wake kwa mbali, kama mtu aliyefunga goli.

Alilibeba sinia mwenyewe mpaka jikoni, mchuzi ukamwagikia kiatuni.

"Chefu, hili ni arobaini na moja."

Mpishi mkuu hakugeuka. "Mwaga."

"Limekuwa nje tangu saa tano. Watu wamekula. Na nyama ilipikwa leo?"

"Jana." Sasa aligeuka. "Mama Kipimo, umeandika ngapi saa sita na nusu?"

"Sitini na sita."

"Basi ni sitini na sita. Kichupa ulichota saa tano, ikiwa inachemka? Hata wakikipeleka mbinguni kitatoka safi. Mwaga, osha, weka lingine. Unataka kutufungia hoteli kwa ajili ya kopo la moto?"

Alimwaga. Alipokuwa akiosha ndipo maneno ya mpishi yalipomwingia sawasawa. Kichupa kingesema chakula ni salama. Karatasi ingesema chakula ni salama. Duniani hakukuwa na kitu kinachojua kuhusu ile 41 isipokuwa yeye na mtu aliyemwambia amwage. Kutoka sinki hadi meza ya dirishani zilikuwa hatua ishirini. Hakuzitembea. Alijiambia atawaharibia siku, kisha akajiambia huenda hakuna kitu, kisha hakujiambia tena lolote, akasimama akisugua sinia lililokwisha kutakata.

Alifika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Mama mkwe alikuwa amejilaza kwenye kochi la sebuleni, kitenge kimelegezwa kiunoni.

"Mkwe wangu, nimewakomesha," alisema. "Sahani tatu na nusu. Kijana wa kukusanya vyombo alikuwa ananiamkia kila akipita."

"Unajisikiaje, mama?"

"Nimeshiba. Mtu aliyeshiba anajisikiaje?"

Alimuuliza tena baada ya robo saa, na tena alipompelekea maji. Aliketi kwenye kigoda mlangoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, masikio yote sebuleni. Bibi akijigeuza, kisu kinasimama. Bibi akicheua, moyo unamlipuka. Alihesabu saa: saa saba kasoro robo hadi sasa. Wengine huanza kuugua baada ya saa sita, wengine kumi, wengine asubuhi yake. Mume wake alikuwa na tumbo la chuma na alikuwa amekula kuku zaidi. Lakini mama alikuwa na miaka sabini na miwili, na sukari, na figo ambazo daktari alishasema zichungwe.

"Mbona unaniangalia kama mtu anayesubiri kurithi?" bibi alimuuliza. Fundi aliangua kicheko. Yeye alirudi kwenye vitunguu.

Saa kumi na mbili wifi alitoka chumbani, mkono mmoja kiunoni. Mama mkwe alikaa, akavuta mkoba wake kutoka chini ya kochi, akatazama mlangoni kama vile walinzi wa hoteli wangeweza kumfuata hadi pale.

"Wewe ulifikiri mama yako angekusahau? Lete sahani."

Akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni vipande vitano vya nyama ya mbavu vilivyoganda kwenye mchuzi wake.

"Mama, umeiba!" fundi alisema kwa furaha.

"Nimelipiwa. Wamesema kula utakavyo. Mimi nilitaka binti yangu naye ale."

Wifi alikuwa na njaa ya mimba, ile isiyosubiri sahani. Alichukua kipande kwa vidole, akakipeleka mdomoni.

"Usile!"

Hakujua kwamba sauti yake inaweza kuwa kubwa kiasi kile. Alikuwa ameshavuka sebule, ameshampiga wifi mkono, kipande kimeanguka kwenye zulia. Watu watatu walimtazama. Kisu cha vitunguu bado kilikuwa mkononi mwake, akakiweka mezani.

"Ile nyama haikuwa salama," alisema. "Moto wa chini ulikuwa haujawaka. Nilitakiwa kuipima saa sita na nusu, sikupima. Niliona aibu, mama, ulikuwa umesimama pale. Nikaandika uongo. Nilipokuja kupima, mlikuwa mmeshakula."

Wifi alijifuta vidole kwenye gauni, akajifuta tena.

"Saa nane ulijua?" fundi aliuliza.

"Saa nane nilijua."

"Tulikuwa tumekaa pale mpaka saa tisa."

"Ndiyo."

Mama mkwe alikuwa akitazama nailoni mapajani mwake. Aliifunga fundo, taratibu, fundo la pili, kama alivyokuwa akifunga mifuko ya maharage. "Kwa hiyo," alisema, "mimi ninazo tumboni sahani tatu na nusu."

Hawakuwasha redio. Wote wanne walikaa sebuleni wakimsikiliza bibi anavyopumua, na bibi naye alikuwa akijisikiliza.

Saa moja na robo alisema tumbo linamkata kidogo. Saa moja na nusu hakuweza kusimama. Jirani mwenye gari aliwapeleka zahanati, fundi amempakata mama yake kiti cha nyuma, Mama Kipimo mbele ameshika ndoo tupu ambayo haikukaa tupu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na haraka. Bibi aliwekewa dripu, na daktari akauliza maswali huku akiandika.

"Alikula nini?"

"Nyama ya mchuzi, bufee. Kuanzia saa saba kasoro."

"Ilikuwa ya moto?"

"Nyuzi arobaini na moja."

Kalamu ilisimama. "Unajuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Nilipima nimechelewa."

Daktari akaandika 41, na hapo ndipo namba hiyo ilipoandikwa mahali kwa mara ya kwanza. "Wangapi wamekula?"

"Hamsini. Labda sitini."

"Wanajua?"

Mama Kipimo alitoka nje hadi koridoni, akampigia mpishi mkuu. Mpishi aliuliza swali moja tu, kama kuna mgeni aliyelalamika. Akamjibu yupo, ni mama mkwe wangu, yuko kwenye dripu. Simu ilikatika, na alipopiga tena haikupokelewa.

Aliporudi, bibi alikuwa amefumbua macho. Midomo ilikuwa imekauka, ngozi ya mkono imelegea kwenye plasta ya dripu. Fundi alikuwa upande wa pili wa kitanda na hakumtazama mkewe.

"Hela ya mwanangu yote nimewarudishia," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye ndoo."

Mama Kipimo alijaribu kucheka, akashindwa.

"Sina nguvu ya kukusema leo," bibi aliendelea. "Nitakusema nikipona. Ila hao wengine waliokula, nani amekaa kando ya vitanda vyao?"

Daktari alisema presha imeshuka mno na figo haziaminiki, kwa hiyo bibi atalala pale, na hali yake itajulikana asubuhi watakaporudia vipimo. Akasema pia kwamba taarifa itakwenda kwa afisa afya, na ingekuwa vizuri itoke pande mbili, zahanati na hotelini.

Zamu ya Jumatatu inaanza saa mbili asubuhi. Mama Kipimo atafika saa moja. Atakata ile 66 kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani isomeke, kama utaratibu unavyotaka, ataandika pembeni "haikupimwa, saa nane: 41", ataweka saini, na ataipeleka karatasi kwa meneja pamoja na daftari la meza zilizowekwa nafasi Jumapili, lenye namba za simu za wageni, ili wapigiwe.