Macho ya Donatus Ndani ya Kompyuta

Wachimbaji wa Runzewe walikuwa hawapigwi picha. Ukimpiga mchimbaji picha, walisema, umeondoka na nyota yake. Atachimba mpaka atokee upande wa pili wa dunia, asikute hata chembe ya dhahabu. Kwa hiyo Donatus alimwoa Scolastika bila picha, na duara, shimo lao la kuchimbia, lilipotitia akabaki huko chini na sura yake. Apolonia, mtoto wao, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Mtoto alipokua, majirani wakawa wanamwambia ana macho ya baba yake. Naye akataka kuyaona. Scolastika akamweleza kwamba baba alikuwa mrefu, akisimama juani kitongoji kizima kinapata kivuli. Mtoto akacheka, kisha akauliza tena macho.

Ndipo Scolastika akakumbuka kampuni ya dhahabu. Pale hawanunui kitu mpaka mteja apigwe picha, iwekwe ndani ya kompyuta, mashine ambayo jenereta lake lilinguruma hadi kuku wa mtaa mzima wakaacha kutaga. Donatus aliuza pale mara moja tu. Alirudi anacheka, akasema ameipiga chenga ile mashine. Hakusema kwa vipi.

Akaenda na mtoto. Karani wa pale alikuwa Nikhil, kijana wa wenye duka la vitenge. Akamweleza kwamba sheria inaibana kampuni: mteja akitaka taarifa zake, lazima apewe, ila ombi liende Mwanza kwa mashine na jibu lirudi kwa mashine. Akadonoa herufi kwa vidole viwili kama kuku kwenye mtama. Jibu lilichelewa, likaja fupi.

“Mama Apolonia, wanasema mteja aombe mwenyewe.”

“Basi mwite. Yuko chini ya duara. Labda huo waya wako unafika.”

Nikhil akatazama mlangoni. Kisha akaigeuza kompyuta, kioo kikamwelekea mjane.

Alikuwa Donatus kweli, na kovu lake la kidevuni, na shati alilofuliwa na mkewe. Amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu mpaka paji limekunjamana, nyota isipate pa kutokea.

Scolastika akamnyanyua mtoto. Apolonia akatazama sana.

“Mama, baba kalala.”

Nikhil akauliza polepole kama aichape picha ile kwenye karatasi, wakimfukuza kazi na wamfukuze. Scolastika akatikisa kichwa.

“Twende, mwanangu,” akasema. “Tusimwamshe.”