Mume Aliyejibu Maswali Yote

Siku ile ya kliniki ya wajawazito hapa kisiwani, sisi wauguzi watatu tulimpenda mume kuliko mgonjwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara kama mimi, na ndiye aliyeongoza kwaya kanisani kwetu. Alimbebea mkewe mkoba, akamshikia kadi, akampepea kwa gazeti. "Wanaume kama hawa wamekwisha," mwenzangu alisema, nami nikaafiki, mjinga mkubwa mwenye stashahada.

Nilimuuliza mama hedhi yake ya mwisho, akajibu mume. Nikauliza kama analala vizuri, akajibu mume. Nilipouliza habari ya michubuko mkononi, mmoja umeshaanza kugeuka kijani na mwingine bado mwekundu, alijibu upesi zaidi: "Ameanguka ngazini, Sista. Huyu hatazami anapokanyaga." Nikaandika: ameanguka ngazini.

Wiki mbili kabla tulikuwa tumefunzwa dalili hizo hizo katika hoteli moja ya Shela: jeraha jipya juu ya la zamani, mume asiyebanduka, mke asiyejibu. Nilipewa cheti, nikala samaki. Na bado lile swali la fomu, kama kuna mtu nyumbani anayempiga au kumtisha, nililisoma mume akiwa amekaa pale pale, goti lake limegusa la mkewe. Mama akasema hapana. Nikatia alama.

Aliyenizindua ni Bi mmoja mwenyeji wa mtaa wa Mkomani, mfagizi wetu, ambaye hakualikwa Shela.

"Mwanangu, wamuuliza kuku mbele ya mwewe?" aliniambia walipoondoka. "Mpe ndia, mpe nafasi ya kusema. Na nyumba waliyopanga naijua, ni ya chini. Ngazi hizo zi wapi?"

Mwezi uliofuata walirudi. Nikamwambia mume kuwa kipimo cha leo wanaume hawaingii.

"Mimi huwa naingia, Sista."

"Leo huingii, Mwalimu."

Akatabasamu tabasamu lake la kwaya, akatoka, akasimama mlangoni. Bi akamwaga maji ya sabuni hapo hapo, ikambidi Mwalimu arudi nyuma, akaanza kupiga deki taratibu, kama aliyepewa msikiti mzima ausugue peke yake.

Mama alipanda kitandani. Kabla sijafungua fomu akasema, "Leo hutaniuliza lile swali?"

"Nitakuuliza."

"Basi niulize."

Nikauliza. Akasema ndiyo, kwa sauti ile ile mtu anayotajia umri wake. Mumewe alianza mimba ilipoingia, kwa makofi kwanza. Simu alimnyang'anya. Tumboni hampigi, kwa kuwa, asema, anampenda mtoto. Nilimtajia polisi, akaniambia kuwa mumewe hucheza nao mpira kila Jumamosi. Alichotaka ni kuzungumza na dada yake Mombasa. Nikampa simu yangu. Wakati akiongea, niliandika upya kwenye faili kila jeraha, mahali pake na rangi yake, na maneno yake kama alivyoyasema, nikafuta zile ngazi kwa mstari mmoja.

Siku ya nne dada alifika; mume akiwa darasani, yeye na mama wakapanda boti ya Mokowe, kuvukia bara.

Jumapili wazee watatu wa kanisa walikuja kwangu. Walikunywa chai yangu, kisha mmoja akasema, "Sista, umevunja nyumba ya Mkristo."

Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kumuuliza mke hali yake.

"Hayo ni mambo ya ndani," akajibu, akasogeza kikombe niongeze. Halafu wakaniombea nipate hekima, wote watatu kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mama kwenye maombi yake.

Mama alijifungua salama kwa dada yake. Alinitumia ujumbe kwamba amefungua kesi huko huko Mombasa, na kwamba wakili ameomba nakala ya faili. Niliipeleka mwenyewe. Kwaya bado inaongozwa na mwalimu, na nasikia sauti yake haijaharibika. Mimi siku hizi nasali nyumbani.