Injini ya Papa Evode na Ng'ombe wa Vestine

Evode wa Nyamitaba ana kipaji kimoja ambacho hata wasiompenda wanakikubali: anajua ng'ombe. Akimwona ndama amelala kwenye nyasi atakwambia mama yake ni nani, atatoa maziwa kiasi gani akikua, na kama ataruka uzio. Kwa bahati mbaya, kipaji hicho kilimfanya aamini kwamba anajua kila kitu chenye uzito na chenye kunguruma.

Ndivyo alivyoingia kwenye mambo ya magari. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na pikapu ya Peugeot 404 aliyoachiwa na marehemu baba yake, ya tangu zama za mashamba makubwa ya pareto. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na injini ilikuwa imekufa kabla Evode hajaoa. Siku moja akaapa kwamba gari lile litapanda tena mlima wa Nyamitaba, tena kwa kasi, na vijana wa pikipiki watakula vumbi lake. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na uzio tu, kwa hiyo kiapo nilikisikia vizuri. Kijiji kizima kilikisikia.

Kwanza alikwenda Kibabi kwa Sebahire, fundi aliyekuwa na injini ya dizeli iliyotolewa kwenye Hiace, pamoja na giaboksi yake. Ilikuwa chafu, imejaa oili, lakini ilikuwa inawaka, na Sebahire alitaka maharage tu kwa malipo. Evode aliizunguka. Akaipiga kofi ubavuni. Akarudi nyuma hatua chache kutazama jinsi ilivyosimama, kisha akauliza ilizaliwa wapi, ilikaa kwa nani, na kama iliwahi kuugua.

"Papa Evode," Sebahire akasema, "hii ni moteur. Haina babu."

"Njo maana siitaki," Evode akajibu. "Iko na sura ya ugonjwa."

Aliyoipenda aliikuta Kibua, huko msituni Walikale, kwa mtu anayeitwa Jean-Luc. Land Cruiser ilikuwa imepinduka kwenye utelezi, na Jean-Luc alinunua mabaki yake. Injini ya petroli, silinda sita, imeoshwa kwa sabuni mpaka inang'aa. Ilipowashwa, kuku wa nyumba tatu walikimbilia msituni. Evode alisimama pale ameshika kofia kifuani, na nasikia macho yalikuwa na machozi. Alipooa hakulia.

Jean-Luc ni mtu mkweli, lazima nimpe haki yake. Alimwambia, "Papa, hii iko na nguvu mingi. Bwate ya vitesse ya Peugeot yako itavunjika. Beba na bwate yake, mara moja."

Evode alicheka. Hiyo bwate, yaani giaboksi, ya Peugeot aliifungua mwenyewe, akaitazama meno, na akaona ni ya umri mzuri. Ataihitajia nini nyingine?

Basi likabaki suala la kitu cha kumpa Jean-Luc. Evode ana ng'ombe wake, lakini alisema hawezi kumpa rafiki ng'ombe wa hovyo. Ng'ombe mzuri kuliko wote pale nyumbani aliitwa Gaju, na Gaju alikuwa wa mke wake, Vestine. Mzee Théogène, baba yake Vestine, alimpa binti yake ng'ombe siku ya harusi, na Gaju ndiye pekee aliyebaki wa ukoo ule. Kila Vestine akienda kumsalimia mzee huko Kibabi, kabla hajakaa chini anaulizwa habari za ng'ombe huyo. Sasa Gaju alikuwa na mimba. Ukarimu wa Evode ni mkubwa sana kwa vitu vya mkewe.

"Ngombe yangu unaipeleka wapi?" Vestine aliuliza, amesimama mlangoni mwa zizi.

"Mama Byukusenge, haiendi kwa siku zote! Siuzishe. Ninamupa Jean-Luc, tunakuwa barafiki. Mutoto wake wa kwanza mwanamuke atarudia kwako. Desturi unaijua."

Desturi aliijua, sote tunaijua. Kwetu ng'ombe unayempa mtu hakati mguu nyumbani. Anafungua njia, na mtamba wake wa kwanza huirudia njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo tu Vestine alikubali. Alimfunga Gaju kamba mwenyewe, akampandisha kwenye lori, akarudi ndani. Nilimchukia Evode siku ile, na sioni aibu kuandika hivyo.

Injini ikaja. Magloire, fundi wa hapa, alikata chuma, akachomelea, akapiga nyundo, na kila alichoulizwa na Evode alijibu "inawezekana", kwa sababu ndivyo alivyo fundi wetu. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Evode aliwasha gari. Liliunguruma vibaya sana. Alikanyaga mafuta kuupanda mlima, na mbele ya pasta, wanakwaya na vijana wote wa pikipiki, giaboksi ya umri mzuri ilipasuka kwa mlio wa sufuria iliyodondoka. Gari likarudi nyuma lenyewe, taratibu, mpaka kwenye shamba langu la mihogo. Vijana wa pikipiki walilisukuma. Walicheka sana wakisukuma, na mimi niliwapelekea maji ya kunywa ili wasichoke kucheka.

Msimu mzima ulipita kabla hajarudi Kibua kutafuta giaboksi. Jean-Luc alimpokea kwa heshima zote. Kabla ya maongezi, mkewe Estelle aliandaa meza: ugali, sombe ya majani ya mihogo, na nyama iliyokaushwa kwa moshi, ikapikwa tena kwenye mawese. Evode alikula. Alikula, akaongezewa, akasifu. Alisema nyama ya namna ile Nyamitaba hawaijui.

Kisha wakaenda kwenye mabaki. Giaboksi zilikuwa mbili: ile ya mkono ya Land Cruiser, na nyingine otomatiki, ya gari lingine la silinda sita. Jean-Luc alimwambia wazi kwamba ya mkono ndiyo ya milima, na betri ikikufia gari linasukumwa linawaka. La otomatiki utalisukuma mpaka uzeeke. Evode akachagua otomatiki. Alisema ng'ombe mwenye akili haambiwi lini aongeze mwendo.

Jean-Luc akacheka, akampa bila kudai kitu, maana ni rafiki. Hapo Evode akakumbuka urafiki wenyewe.

"Na Gaju? Alizaa mwanamuke ao mwanaume? Mama Byukusenge anangoja mutoto wake."

Jean-Luc aliitua giaboksi chini.

"Papa Evode, Gaju njo ulimukula sasa hivi."

Huko msituni, ng'ombe uliyepewa ni wako. Mama yake Jean-Luc alikuwa amefariki, matanga yakaja na watu wengi, Gaju akachinjwa, na hakuna aliyewahi kumwambia habari za mtamba wala za njia. Evode hakueleza, kwa sababu hakuwahi kufikiri kuna mtu duniani anayehitaji kuelezwa. "Tulikuwekea wewe kifua," Jean-Luc alisema, naye alikuwa na huzuni ya kweli. "Kifua hatukugawia muntu mwingine."

Evode alirudi kwa pikipiki, giaboksi imefungwa nyuma yake, na mapajani furushi la majani ya migomba ambalo Estelle alimpa. Heshima ilimlazimu alipokee. Lilikuwa zawadi ya mama mwenye nyumba.

Nilikuwepo kwa Vestine alipofika. Vestine hakuitazama giaboksi. Alipokea furushi kwa mikono miwili, akalifungua, akanusa, akafurahi, akaweka chungu motoni.

"Na Gaju iko aje? Amezaa?"

Evode alikaa kwenye kigoda. Alivua kofia.

"Usiipike hiyo nyama," akasema.

Ilimchukua Vestine muda kuelewa. Alikitoa kile kipande cha nyama, akakishika mbele ya uso wa mumewe.

"Ulisema atarudia."

Alikizika mwenyewe kando ya zizi, kwa jembe, na mimi nilishika taa. Hakulia wala hakutukana. Aliporudi ndani alisema jambo moja tu: "Funga hiyo bwate yako. Siku gari itatembea, safari ya kwanza tunaenda kwa Papa Théogène. Utamuelezea wewe mwenyewe."

Sijawahi kuona mtu akifunga boliti polepole namna ile. Evode aliyekuwa akimkimbiza Magloire kila asubuhi sasa alimwambia apumzike, mvua inakuja, mgongo usimuume. Lakini Magloire, ambaye hajawahi kumaliza kazi kwa wakati maishani mwake, safari hii alimaliza mapema.

Vestine alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi mbele, akafunga mlango. Sote tulitoka kutazama. Evode alishika ufunguo, akafumba macho, midomo ikicheza, na nilikuwa karibu vya kutosha kumsikia anamwomba Mungu injini isiwake.

Iliwaka mara moja.